Stockholm: Jiji lililowapa vijana chumba cha kupigia kelele

Ukipanda treni ya chini ya ardhi namba 11 jijini Stockholm, kutoka kituo kikuu cha T-Centralen kuelekea Akalla, utasafiri sehemu kubwa ndani ya mwamba. Vituo vya njia hii vilichongwa kwenye jiwe, na jiwe lenyewe likapakwa rangi badala ya kufichwa. Pale T-Centralen majani ya bluu yanapanda kwenye kuta nyeupe hadi darini. Ukifika Solna centrum, dari yote ni nyekundu iliyoiva, na chini yake umechorwa msitu wa kijani unaokaribia urefu wa kilomita nzima. Watoto wengi hukipenda kituo hiki. Wengine hukiogopa, na hawana kosa.

Baada ya kituo cha Hallonbergen, treni hupita mahali fulani bila kusimama. Panaitwa Kymlinge. Kituo kilianza kujengwa hapo lakini hakikufunguliwa, kwa kuwa mji uliotarajiwa kukizunguka haukujengwa. Limebaki jukwaa la zege katikati ya miti. Wenyeji wana msemo wa utani kwamba Kymlinge hushuka wafu peke yao.

Kituo kinachofuata ni Kista, ambako treni hutoka kwenye mwanga. Leo Kista inajulikana kwa kompyuta na simu. Makao makuu ya Ericsson yako hapa, kampuni ambayo mitambo yake hubeba mazungumzo ya simu hata Afrika Mashariki. Lakini katika miaka ya 1980 kilikuwa kitongoji kipya cha maghorofa. Treni ilifika mwaka 1977, familia zikahamia, watoto wakakua. Jioni za majira ya baridi, shule ikiisha, giza lilikuwa limeshaingia. Mwezi Desemba jua la Stockholm huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Mzazi aliyezoea kumwambia mwanawe "nenda ukacheze nje" anaweza kufikiri mara mbili juu ya agizo hilo katika mji wa namna hiyo.

Baadhi ya vijana wa Kista walikuwa wakipita Kymlinge kila walipokwenda mjini. Wakakutana na wengine wa upande wa pili wa jiji, kutoka Skärholmen, ambako njia nyekundu inaelekea kusini-magharibi. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni kupenda filamu za kutisha na muziki wa kasi wenye kelele kutoka Marekani na Uingereza. Mwaka 1987 wakawa na kundi lililoitwa Nihilist. Mwaka 1989 lilivunjika kwa ugomvi wa vijana kwa vijana. Johnny Hedlund, mpiga gitaa la besi, akaenda kuunda kundi lake, Unleashed. Waliobaki wakajiita Entombed, yaani waliozikwa.

Mwezi Desemba mwaka huo waliingia studio iitwayo Sunlight, maana yake mwanga wa jua, katika mwezi ambao mwanga huo ni haba kuliko miezi mingine. Mwimbaji, L-G Petrov, alikuwa na miaka 17. Mpiga ngoma, Nicke Andersson, alikuwa na miaka 17 vilevile. Wapiga gitaa, Uffe Cederlund na Alex Hellid, nao walikuwa vijana wa rika hilohilo. Albamu waliyoirekodi, Left Hand Path, ilitoka mwaka 1990 kupitia Earache, kampuni ya Nottingham, Uingereza. Zaidi ya miaka thelathini baadaye bado inanunuliwa, inasikilizwa na inaigwa, kuanzia Marekani Kusini hadi Japani.

Muziki wenyewe unaitwa death metal, metali ya kifo. Kwa mzazi asiyeujua, maelezo mafupi ni haya: magitaa yaliyolegezwa nyuzi ili yatoe sauti nzito, ngoma za haraka mno, na mwimbaji anayeunguruma kutoka kooni badala ya kuimba. Maneno ni vigumu kuyasikia hata kwa anayejua Kiingereza. Mara ya kwanza kila kitu husikika kama ajali. Mara ya tatu au ya nne sikio huanza kutenganisha vitu, na ndipo mtu hugundua kwamba wapigaji wanajua kabisa wanachokifanya, na kwamba kasi ile haipatikani bila mazoezi ya miezi na miezi.

Kinachowafanya wapenzi wa muziki huu waitambue Stockholm ndani ya sekunde mbili ni sauti ya gitaa. Wanaiita chenso, ule msumeno wa injini wa kukatia magogo, na jina limekaa sawa. Kisa chake kinafurahisha, kwa sababu chombo kilichozaa sauti hiyo kilikuwa cha bei ya chini na hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ni kijisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni na kukanyagwa kwa mguu, pedali iitwayo HM-2, ya kampuni ya Kijapani ya Boss. Ilianza kuuzwa mwaka 1983 ikalenga wapenzi wa roki ya kawaida ya wakati ule, wale wa nywele ndefu na suruali za kubana. Ina vitufe vinne vya kuzungusha: cha kiasi cha sauti, cha besi, cha sauti za juu na cha mkwaruzo. Mtu mwenye busara angezungusha kila kimoja nusu, asikilize, apunguze, aongeze.

Vijana wa Nihilist walivizungusha vyote vinne hadi mwisho. Sifa ya jambo hilo hupewa Leif Cuzner, kijana aliyepiga nao kabla familia yake haijahamia Kanada. Kwenye karatasi ni kosa. Besi inavimba, sauti za juu zinakwaruza, na katikati kunatokea mlio ambao hakuna fundi wa kiwanda aliyeukusudia. Ongeza nyuzi zilizolegezwa na unapata ukuta wa sauti wenye meno. Mhandisi wa sauti mwenye cheo angewaambia wapunguze. Tomas Skogsberg, mwenye studio ya Sunlight, hakuwaambia. Yeye hakuwa mtu wa metali tangu mwanzo, lakini alisikiliza walichotaka na akatafuta namna ya kukinasa kwenye utepe bila kukiua.

Hilo la Skogsberg linastahili kutazamwa vizuri na yeyote anayelea au kufundisha. Hakujifanya rika lao. Alibaki mtu mzima anayejua mashine zake, na wao wakabaki watoto wanaojua wanachokisikia kichwani. Baada ya hapo makundi mengine ya Stockholm yakafuatana kwenye mlango uleule: Carnage, Dismember, na hata Grave, waliotoka Visby katika kisiwa cha Gotland. Mwaka 1991 Boss waliacha kutengeneza HM-2. Zilizokuwepo zikawa zinauzwa mitumba, kisha bei ikapanda mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka 2021 kampuni ikaitengeneza tena katika toleo jipya. Kampuni kubwa ya Japani ilirudisha bidhaa iliyokwisha kuizika, na sehemu kubwa ya sababu ni watoto wa shule wa Uswidi walioitumia kinyume na ilivyokusudiwa.

Lakini mzazi wa Afrika Mashariki atauliza swali la maana zaidi: gitaa, ngoma, chumba cha mazoezi, nani alilipa?

Jibu linaeleza mengi kuhusu Uswidi kuliko jumba lolote la makumbusho. Manispaa za nchi hiyo zina shule za muziki ambako mtoto hujifunza ala baada ya masomo, kwa ada ndogo. Juu ya hapo kuna vyama vya elimu ya watu wazima na vijana, kimojawapo ABF, chama cha elimu cha wafanyakazi, kilichoanzishwa mwaka 1912. Kazi yao ya asili ilikuwa vikundi vya kujisomea: watu kadhaa wanakutana kila wiki, wanajadili kitabu, siasa, lugha au ufumaji, na serikali inasaidia gharama. Bendi ya vijana nayo huhesabiwa kuwa kikundi cha kujifunza. Mnajiandikisha, mnajaza karatasi za mahudhurio, mnapata chumba cha kufanyia mazoezi na mara nyingine vifaa. Hakuna anayeuliza kama wimbo ni wa kanisani au wa kufufua maiti. Vizazi vya bendi za Uswidi, za kila aina ya muziki, vimepitia vyumba hivyo.

Kwa Mtanzania wazo hili halipaswi kuwa geni. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 na ambavyo leo ni zaidi ya 50 nchini, vilianzishwa kwa kuiga shule za wananchi za Uswidi na kwa msaada wa nchi hiyo. Ni tawi la mti uleule. Huku lilizaa ushonaji, useremala, kilimo na umeme wa majumbani. Kule, pamoja na hayo yote, lilizaa kelele.

Na kelele ilisafiri. Intaneti haikuwepo, redio za taifa hazikuwa na muda na muziki kama huu, kwa hiyo vijana walirekodi kaseti, wakazinakili nyumbani moja baada ya nyingine, wakazitia kwenye bahasha na kuzituma Florida, Birmingham, São Paulo. Walioandikiana walikuwa watoto ambao hawajawahi kuonana. Gharama ya stempu ilikuwa kubwa kwa mwanafunzi, basi wakabuni ujanja: unapaka stempu gundi au sabuni juu, muhuri wa posta unashika kwenye utando, na anayepokea anaiosha na kuirudisha itumike tena. Ni wizi mdogo, bila shaka. Ila mzazi anayelalamika kwamba vijana hawana subira angeshangaa kumwona mtoto wa miaka 15 akisubiri wiki sita apate barua kutoka Brazili.

Sasa lile zito, ambalo ukurasa wa familia hauwezi kulikwepa. Jina la albamu maana yake ni Njia ya Mkono wa Kushoto. Msomaji wa Biblia anajua mbuzi huwekwa upande gani siku ya hukumu, na msomaji wa Kurani anajua watu wa upande wa kushoto ni akina nani. Waswidi nao walijua. Msemo huo hutumiwa na wafuasi wa uchawi na ushetani wa Magharibi, na vijana waliuchagua kwa makusudi, ili ushtue. Hakuna haja ya kulipamba. Mzazi mwenye imani yake ana kila sababu ya kutoupenda, na akimwambia mtoto wake hivyo waziwazi atakuwa amemheshimu kuliko akinyamaza.

Mara nyingine ilikuwa mbaya zaidi ya kushtua. Albamu ya kwanza ya Dismember, ya mwaka 1991, ina wimbo mmoja kuhusu kumuua mwanamke, na kwa sababu yake forodha ya Uingereza ilizikamata nakala na kesi ikafika mahakamani. Mahakama iliamua kwamba kisheria haukuwa uchafu wa kupigwa marufuku. Sheria ilisema lake. Mama mwenye binti anaweza kuusoma wimbo huo na kusema lake, na hatakuwa mshamba.

Kuna mkanganyiko mmoja unaofaa kuondolewa. Makanisa yaliyochomwa moto, ambayo watu wengi huyakumbuka wakisikia neno metali, yalichomwa Norwei. La mbao la Fantoft karibu na Bergen liliteketea Juni 1992. Waliohusika na uchomaji ule walikuwa wa tawi jingine la muziki huu, ambalo liliwadharau wale wa Stockholm kwa kuvaa suruali za michezo na kucheka jukwaani. Hata hivyo Uswidi haikubaki safi. Mwanamuziki wa tawi hilohilo la giza alifungwa kwa mauaji yaliyotokea Göteborg mwaka 1997.

Na kuna kisa cha kijana mmoja kinachowahusu wazazi kuliko hayo yote. Kabla ya Entombed, Petrov na Cederlund walipiga katika kundi la Stockholm lililoitwa Morbid. Petrov wakati huo alikaa nyuma ya ngoma. Mwimbaji alikuwa Per Yngve Ohlin, ambaye jukwaani alijiita Dead, yaani Mfu. Wengi walidhani ni jina la maonyesho, kama majina ya wengine. Ohlin alihamia Norwei mwaka 1988 kujiunga na kundi la Mayhem, na Aprili 1991 alijiua, akiwa na miaka 22. Ndugu yake amesimulia kwamba utotoni Per alipigwa na wanafunzi wenzake shuleni hadi akalazwa hospitali, akiwa katika hatari ya kufa.

Vijana watatu, chumba kimoja cha mazoezi, nyimbo zilezile za makaburi. Wawili waliona kifo kama filamu ya kutisha ya Ijumaa usiku. Mmoja alikuwa akisema jambo ambalo hakuna aliyelisikia vizuri. Fulana nyeusi haikuwatofautisha, wala maneno ya nyimbo. Kama kulikuwa na dalili, ilikuwa nyuma zaidi, kwenye uwanja wa shule ya msingi, kabla hajashika kipaza sauti. Mzazi anayekagua simu ya mtoto ili aone anasikiliza nini huenda akahitaji kwanza kuuliza nani anamsumbua shuleni.

Wasafiri wanaokuja Stockholm na watoto wakubwa hupelekwa kwenye meli ya Vasa, na ni sawa, meli ni nzuri. Wachache hupanda njia ya kijani kwenda Skogskyrkogården, makaburi ya msituni yaliyosanifiwa na Gunnar Asplund na Sigurd Lewerentz, na yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1994. Misonobari imeachwa isimame, makaburi yamepangwa chini yake, yote madogo, ya tajiri na ya maskini yakifanana. Mwanzoni mwa Novemba, Siku ya Watakatifu Wote, familia huja na mishumaa baada ya giza kuingia na msitu mzima huwaka taa ndogondogo. Watoto hubebwa mabegani. Hakuna anayenong'ona wala kumwambia mtoto asiulize. Ukiona hilo, unaelewa vizuri zaidi kwa nini kijana wa nchi hii anaweza kuzungumzia mauti kwa sauti ya juu na kisha kwenda nyumbani kula chakula cha jioni.

Wale wa Entombed wengi walizeeka kama watu wengine, na mambo yao yakawa mchanganyiko wa kawaida: ugomvi wa jina la kundi, makundi mapya, safari. Andersson alianzisha The Hellacopters mwaka 1994, akaacha ngoma na kushika gitaa na kipaza sauti. Mwaka 2016, katika jiji la Malmö, nyimbo za albamu yao ya pili zilipigwa pamoja na okestra ya simfoni ya jiji hilo, wapiga fidla waliovaa nguo zao rasmi wakifuata nota za muziki uliotungwa na vijana wa maghorofa ya kitongojini. Petrov alifariki Machi 2021 kwa saratani ya mirija ya nyongo. Alikuwa na miaka 49. Mashabiki walioomboleza walimkumbuka kwa ucheshi wake kuliko kwa mngurumo wake.

Muziki wa namna hii hauko mbali na nyumbani kama inavyodhaniwa. Nairobi ina wapenzi na bendi zake za metali kwa miaka mingi sasa, na mwaka 2020 kundi la Duma la jijini humo lilitoa albamu ya kelele kali kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliyosifiwa hadi Ulaya. Kwa hiyo mtoto akitoka chumbani na fulana nyeusi yenye maandishi yasiyosomeka, hajatoka sayari nyingine.

Anayetaka kuisikia Left Hand Path asitumie spika ya simu. Spika hiyo haina besi, na bila besi sauti ile maarufu hubaki kama nzi kwenye chupa. Aazime vifaa vya masikioni vya mtoto mwenyewe. Wimbo wa kwanza, wenye jina la albamu, unazidi dakika sita. Zaidi ya nusu ya kwanza ni msumeno tupu. Kisha mwendo unapungua, na magitaa yanaingia na tuni ya polepole, ya huzuni, karibu tamu, iliyotokana na muziki wa Phantasm, filamu ya kutisha ya Kimarekani ya mwaka 1979 ambayo vijana wale waliipenda. Hapo hakuna anayeunguruma.